Taiichi Ohno: Fundi wa Toyota aliyewaachia watengenezaji wa programu utaratibu wa kazi

MAGARI ya Toyota yamejaa barabara zetu, lakini ni wachache wanaomfahamu Taiichi Ohno, fundi aliyepanga namna yanavyotengenezwa. Wachache zaidi wanajua kwamba utaratibu wake unatumiwa leo na vikundi vinavyotengeneza programu za kompyuta. Kwa mkulima na mwenye duka, maisha yake yana funzo kuhusu mtaji unaolala.

Ohno alizaliwa Februari 29, 1912 mjini Dalian, China, wakati mji huo ukiwa chini ya Japan. Alisomea ufundi mitambo Nagoya, na mwaka 1932 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda. Mwaka 1943 alihamia kampuni yao ya magari.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni hiyo nusura ifilisike. Magari yalitengenezwa lakini wanunuzi walikuwa haba, hivyo fedha zikakwama kwenye bidhaa zilizolala ghalani. Mwaka 1950 ulizuka mgogoro mkubwa wa kazi. Wafanyakazi zaidi ya 1,500 waliondoka, na mwasisi wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu.

Ohno, aliyekuwa akisimamia karakana, aliona chanzo kimoja cha hasara. Kila idara ilitengeneza vipuri kadiri ilivyoweza na kuvisukuma mbele, vihitajike au visihitajike. Alichukua mfano wa supamaketi za Marekani, ambako mteja huchukua anachohitaji na mwenye duka hujaza pengo lililobaki rafuni. Kiwandani pengo hilo lilitangazwa kwa kadi iitwayo kanban, neno la Kijapani lenye maana ya kibao. Bila kadi, hakuna kutengeneza.

Mafundi wazoefu walimpinga, hasa alipotaka mtu mmoja aendeshe mashine kadhaa. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla kadi hizo hazijaenea kampuni nzima, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, Toyota ilisimama upya mapema kuliko wenzake wengi, na wengine wakaanza kuchunguza siri yake. Ohno alistaafu mwaka 1978, akachapisha kitabu mwaka huohuo, na kufariki dunia mwaka 1990.

Watengenezaji wa programu walikuwa na tatizo hilohilo, ila lao halionekani kwa macho. Kazi 20 zilizoanzwa bila kumalizwa hazijazi chumba, lakini mishahara inalipwa na mteja hajapata kitu. Mary na Tom Poppendieck, katika kitabu chao cha mwaka 2003, na David Anderson, katika chake cha mwaka 2010, walieleza jinsi ya kutumia fikra za Ohno. Kila kazi huandikwa kwenye kadi na kubandikwa ubaoni, katika safu za zinazosubiri, zinazofanyika, zinazokaguliwa na zilizokwisha. Safu huwekewa kikomo. Kikiwa 3, kadi ya nne haiingii mpaka moja itoke. Kadi zinaporundikana, hapo ndipo penye kikwazo, na kikundi kizima husaidia kukiondoa kabla ya kupokea kazi mpya.

Fundi cherehani anayepokea malipo ya awali ya nguo 30 kabla ya Idi, akazikata zote na kumaliza 5, anaelewa jambo hili vizuri.

Hata hivyo, utaratibu huu una hatari yake. Februari 1997 kiwanda kimoja cha vipuri vya breki kiliungua huko Japan, na kwa kuwa akiba ilikuwa ndogo, karibu viwanda vyote vya Toyota nchini humo vilisimama kwa siku kadhaa. Mkulima anayevuna mahindi mara moja kwa mwaka hawezi kuacha ghala tupu, wala duka ambalo barabara yake hukatika masika.

Tofautisha basi akiba uliyoipanga na mali iliyokwama. Wiki hii andika kila kazi uliyoianza na kila bidhaa iliyokaa rafuni zaidi ya miezi 3. Jumlisha fedha zilizomo, kisha maliza moja kabla hujaanza nyingine.