Joy Adamson: mwanamke aliyezoeana na simba, duma na chui

Katika nyumba nyingi za vijijini Mbeya na Iringa, paka ndiye mlinzi wa mahindi. Lakini paka aliyetoka nyumba nyingine, au aliyewahi kupigwa, hujificha nyuma ya magunia na kumparura kila anayemnyooshea mkono. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyekaa miaka mingi na wanyama wa jamii hiyo ya paka, tena wale wakubwa. Maisha yake yanafundisha subira, na yana onyo pia.

Joy Adamson alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Austria na leo uko Jamhuri ya Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937. Kwanza alijulikana kwa uchoraji: alichora maua ya nchi hiyo, kisha watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, bwana nyama wa serikali ya kikoloni kaskazini mwa Kenya.

Februari 1956, George akiwa kazini alivamiwa na simba jike, naye akampiga risasi. Baadaye ndipo alipogundua kwamba simba yule alikuwa akilinda watoto wake. Walikuwa watatu, wote majike, wenye umri wa siku chache tu. George akawachukua nyumbani.

Wale watoto waliogopa sana. Kwa siku mbili walikataa maziwa. Joy hakukata tamaa, akaendelea kuwajaribu mpaka wakakubali kunywa. Mfanyakazi mmoja wa nyumbani kwao, aitwaye Nuru, alipewa kazi ya kuwaangalia, nao wakamzoea kwa kuwa alikuwa nao kila siku. Walipokua, wawili wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao, Elsa, akabaki.

Elsa alimwamini binadamu kabisa, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Simba mkubwa hawezi kufugwa nyumbani. Joy na George walimpeleka porini, wakamfundisha kuwinda, wakawa wanamwacha peke yake kwa siku kadhaa. Alifaulu. Desemba 1959 alizaa watoto watatu katika eneo la Meru. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa kilitoka mwaka 1960 na kusomwa duniani kote. Mwaka 1966 ikatoka filamu.

Januari 1961 Elsa akafa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Watoto wake, ambao Joy aliwaacha makusudi wakue bila kushikwashikwa, walikuwa bado wadogo kuwinda vizuri. Wakaanza kuvamia mbuzi wa wanakijiji. Mmoja wao, Jespah, alichomwa mshale, na kichwa cha mshale kikabaki mwilini. Mwaka huohuo ilibidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti, hapa kwetu. Mwenye mbuzi alikuwa na haki ya kulinda mali yake, na simba alikuwa na njaa.

Joy aliendelea na kazi hiyo. Alimlea duma aitwaye Pippa, aliyekuwa amefugwa na watu, akamrudisha porini Meru. Katika miaka ya 1970 alimlea chui aitwaye Penny katika hifadhi ya Shaba. Huko Shaba ndiko alikouawa, Januari 3, 1980. Habari za mwanzo zilisema ameuawa na simba. Uchunguzi ukaonyesha ameuawa na binadamu, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi alitiwa hatiani. Wengi waliofanya kazi na Joy walimweleza kuwa mtu mkali. Subira aliyokuwa nayo kwa wanyama, watu hawakuipata sana.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna jambo la kuchukua hapa. Wasikilizaji wetu wa Idodi, Pawaga na Usangu wanaishi jirani na Hifadhi ya Ruaha, yenye simba wengi. Ukimkuta mtoto wa simba au chui, usimchukue. Huenda mama yake yuko karibu. Ondoka taratibu, kisha toa taarifa kwa uongozi wa kijiji au askari wa wanyamapori. Mnyama wa porini anayemzoea binadamu mara nyingi huishia pabaya, yeye au jirani yako.

Paka wa nyumbani ni tofauti, kwake kuzoea watu ni faida. Mpe kona tulivu yenye boksi la kujificha. Mlishe saa ileile, mtu yuleyule. Kaa chini karibu naye bila kumkodolea macho, na usimvute atoke. Siku atakayokuja mwenyewe kukunusa mkono, mwache anuse. Watoto wa paka huzoea watu kwa urahisi zaidi wakishikwa kwa upole wakiwa na umri wa wiki mbili hadi saba. Na umwone afisa mifugo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huupata ugonjwa huo. Akikuparura au kukuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, uende zahanati siku hiyohiyo.