Aliyemuua Sherlock Holmes, wasomaji wakamlazimisha amfufue

Haya wadau, ule ubishi wa nani mpelelezi mkali kuliko wote kwenye riwaya haukuanza jana. Kuna wanaomlilia Willy Gamba wa Musiba, kuna wa Joram Kiango wa Mtobwa, na wazee wetu hawasikii la mtu kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule wa Zanzibar mwenye kiko. Sasa hicho kiko, na yule rafiki wa kufuatana naye kila mahali, vinatukumbusha Sherlock Holmes. Kwa hiyo leo tumwangalie aliyemtunga Holmes, maana jamaa alipigana na mhusika wake miaka na miaka, na akashindwa.

Arthur Conan Doyle alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 22 Mei 1859. Baba yake, Charles, alikuwa mchoraji mwenye kipaji lakini pombe ilimshinda, akaishia kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Nyumba ilishikwa na mama, Mary, ambaye pia alikuwa fundi wa kusimulia hadithi. Mkumbukeni huyu mama, tutarudi kwake.

Kijana akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hapo alikuwepo mwalimu mmoja, Dk. Joseph Bell, ambaye mgonjwa akiingia tu mlangoni anamtazama viatu, mikono na mwendo, kisha anamwambia kazi anayofanya na alikotokea. Mgonjwa hajafungua hata mdomo! Doyle alikuwa msaidizi wake kliniki, akawa anayaona haya kwa macho yake. Holmes alizaliwa hapo, ingawa karatasini alikuja baadaye.

Mwaka 1880, kabla hajamaliza chuo, alikwenda na meli ya wavua nyangumi hadi kwenye barafu za kaskazini. Alipomaliza akapanda meli ya Afrika Magharibi, huko homa nusura imuue. Mwaka 1882 akafungua kliniki yake Southsea, Portsmouth. Wagonjwa wakawa wa kuhesabu. Daktari amekaa hana kazi, afanyeje? Akaandika.

Hadithi ya kwanza ya Holmes, A Study in Scarlet, ilikataliwa huku na huku, mwisho akalipwa pauni 25 kwa haki zote. Pauni 25, basi! Ilitoka 1887 na haikutikisa mji. Kilichotikisa mji ni jarida la Strand mwaka 1891. Hapo Doyle alipiga hesabu moja ya akili sana: majarida ya wakati ule yalikuwa yanatoa riwaya vipande vipande, ukikosa toleo moja umepotea. Yeye akaleta mhusika yule yule kila mwezi, lakini kila kisa kinakwisha hapo hapo. Unaweza kuanza popote, na bado unataka kurudi mwezi ujao. Tamthilia nyingi za televisheni za upelelezi bado zinakula kwa njia hiyo.

Pesa ikaingia, jina likapaa, na Doyle akachoka. Yeye aliamini kazi yake ya maana ni riwaya za historia, kama The White Company aliyoitoa 1891 baada ya kusoma vitabu lukuki vya zama za mashujaa wa Kiingereza. Holmes kwake alikuwa kibarua kinachomzibia njia. Mwaka huo huo akamwandikia mama yake kwamba anataka kumuua. Mama akaja juu! Alikataa katakata, na akampa wazo la kisa kipya ili aendelee. Kwa hiyo aliyemwokoa Holmes mara ya kwanza ni bi mkubwa.

Jarida liliporudi kuomba visa vingine 12, Doyle akataja pauni 1,000, bei ya kuwafukuza. Wakakubali.

Mwaka 1893 uzalendo ukamshinda. Alikuwa ameyaona maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi, akaona ndilo kaburi linalofaa. Disemba 1893 Holmes akaenda na maji pamoja na adui yake Moriarty. Inasemekana watu zaidi ya 20,000 walifuta usajili wao wa Strand, na barua za matusi zikamfuata mwandishi. Kumbuka ni mwaka ambao baba yake alifariki na mkewe Louisa aligundulika ana kifua kikuu. Mtu ana msiba wa kweli nyumbani, umma unamlilia mtu wa karatasi. Mimi hapo namwonea huruma.

Alikaza miaka minane. Mwaka 1900 alikwenda vita vya Makaburu, akatibu askari Bloemfontein wakati homa ya matumbo inawamaliza. Baadaye akaitetea Uingereza kwa maandishi, na mwaka 1902 akapewa cheo cha Sir. Alikuwa mtu wa dola ya Kiingereza, tusimpake asali. Lakini huyo huyo mwaka 1909 aliandika kitabu kizima kuhusu unyama wa Mfalme Leopold kule Kongo, watu wanakatwa mikono kwa ajili ya mpira.

Mwaka 1901 alianza kutoa The Hound of the Baskervilles, kwa ujanja kwamba kisa kilitokea kabla ya kifo. Wasomaji hawakutosheka. Mwaka 1903, majarida yalipoweka fedha nono mezani, alisalimu amri. Kumbe Holmes hakuanguka, aliyeanguka ni Moriarty peke yake! Maelezo yenyewe mepesi, lakini nani alijali? Visa viliendelea hadi 1927, jumla riwaya 4 na hadithi fupi 56.

Umaarufu huo aliutumia vizuri kwenye kesi ya George Edalji, mwanasheria kijana ambaye baba yake alitokea India. Alifungwa 1903 eti anakata matumbo ya farasi usiku mashambani. Doyle alipokutana naye aliona anasoma gazeti akilikaribisha puani. Mtu haoni mbele, atavukaje mashamba gizani? Akapiga kelele magazetini, na 1907 Edalji akasamehewa.

Sasa njoo kwenye jambo linaloniduwaza. Mwaka 1916 Doyle alitangaza hadharani kwamba anaamini wafu wanaongea na walio hai. Mwaka 1918 mwanawe Kingsley akafariki, 1919 mdogo wake Innes. Imani ikawa ndiyo kazi. Mwaka 1920 alitetea picha za wasichana wawili wa Cottingley wakiwa na vijitu vyenye mbawa, na mwaka 1983, wakiwa vikongwe, wenyewe wakakiri vilikuwa vya karatasi. Alizunguka dunia akihubiri, na safari ya 1928 hadi 1929 ilimfikisha Kenya.

Alikuwa na mhusika mwingine aliyempenda mno: Profesa Challenger wa The Lost World, 1912, mwenye ndevu kama kichaka, anayepiga waandishi wa habari na kufuata dainosaria Amerika ya Kusini. Kichekesho kitupu. Doyle hata alivaa ndevu za bandia akapiga picha kama yeye. Mwaka 1926 alimwandika Challenger akiingia kwenye imani ya roho. Lakini Holmes hakumgusa! Mwaka 1924, kwenye kisa cha mnyonya damu wa Sussex, Holmes anagoma kabisa kuamini mizimu. Alithubutu kumuua, kumbadilisha akili hakuthubutu.

Doyle alifariki tarehe 7 Julai 1930. Siku chache baadaye maelfu walijaa Royal Albert Hall, London, kiti chake kikaachwa wazi, na mama mmoja akadai anamwona. Barua za kumwomba Holmes msaada nazo ziliendelea kumiminika Baker Street kwa miaka mingi, hadi kampuni yenye ofisi hapo ikaweka katibu wa kuzijibu.

Mimi kura yangu naitupa kwa Dk. Watson, maana bila yeye tungehadithiwa na nani? Nyie wadau mnasemaje, Holmes, Bwana Msa au Joram? Na yupi mkisikia mwandishi kamuua mtaandamana?