Msee wa bustani aliyetuletea difu

Kama umewahi kupanda mathree kutoka Murang'a kwenda Kangema, kona za huko unazijua. Gari likikata kona, tairi la nje linapita njia ndefu kuliko la ndani. Magurudumu yakiachana mita 1.5, ukigeuza nusu duara la nje linatembea karibu mita 4.7 zaidi. Yangefungwa kwenye ekseli moja nzima, tairi moja lingeburuzwa lami hadi liishe.

Aliyetuokoa hapo ni James Starley, Mwingereza, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa 1830. Chuo hakuona. (Mimi niliyeacha changu katikati nampendea hapo.) Alitoroka nyumbani akiwa kijana, akaajiriwa kutunza bustani ya tajiri mmoja karibu na London. Cherehani ya mke wa bosi ikaharibika, akaitengeneza, na bustani ikaishia hapo. Akahamia Coventry kuunda cherehani, kisha baiskeli.

Mwaka 1877 hivi, inasimuliwa, alikuwa kwenye baiskeli ya kukaa wawili sambamba na mwanawe William, kila mmoja akikanyaga gurudumu la upande wake. Kijana alikuwa na nguvu kuliko buda. Upande wake ukakimbia, chombo kikapinda, mzee akatupwa kwenye upupu kando ya barabara.

Alirudi na jibu: gia ndogo katikati ya vyuma viwili vya magurudumu. Ukienda moja kwa moja, gia hizo zinabebwa tu bila kujizungusha. Ukikata kona zinajizungusha, na kasi inayopungua upande mmoja inaongezeka upande wa pili. Kusema ukweli, Mfaransa Onésiphore Pecqueur alishabuni kitu kama hicho miaka ya 1820, kwa gari la mvuke. Starley ndiye aliyekiingiza barabarani, kwenye baiskeli yake ya Salvo.

Kasoro yake unaijua ukikwama kwenye matope ya barabara za majani chai, juu ya Kanyenya-ini. Difu inagawa nguvu sawa, kwa hivyo tairi lililo kwenye utelezi linazunguka bure huku lenzake kwenye udongo mkavu limetulia tuli. Shuka usukume.

Mwaka 1881 Malkia Victoria aliagiza Salvo. Mwaka huohuo, saratani ikamuua Starley akiwa na miaka 51. Gari la Karl Benz, la magurudumu matatu na lenye difu, lilikuja 1885.