Jim Clark: Maisha ya Bingwa na Udhaifu wa Chuma

Msomaji wa tendi za Kiswahili hashangai aambiwapo kwamba shujaa ana mahali pamoja pa kuulia. Fumo Liyongo hakuwezwa kwa mkuki wala kwa mshale, lakini siri yake ilipofichuka, sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni ilitosha. Makala haya yanasimulia maisha ya shujaa wa zama nyingine na wa nchi nyingine: Jim Clark wa Scotland, dereva wa mbio za magari za Formula 1, ambazo magazeti yetu huziita langalanga. Clark naye alikuwa na kitovu chake, ila hakikuwa mwilini mwake. Kilikuwa ndani ya gari alilopewa kuendesha: mara katika bolti, mara katika mpira wa oili, mara katika pampu ya petroli.

Clark alizaliwa tarehe 4 Machi 1936 katika kijiji cha Kilmany, eneo la Fife. Alikuwa kitindamimba na mwana wa kiume wa pekee baada ya dada wanne. Mwaka 1942 familia ilihamia shamba la Edington Mains, karibu na mpaka wa Scotland na England. Alipofika umri wa miaka 16 aliacha shule ili kulima na kufuga kondoo, na ilitarajiwa kwamba huko ndiko angezeekea. Wazazi wake hawakuyapenda mashindano ya magari hata kidogo. Hata hivyo, mwaka 1956 alishiriki shindano lake la kwanza huko Crimond, akiendesha gari la rafiki. Mwishoni mwa mwaka 1958, katika uwanja wa Brands Hatch, alishindana na Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, akamaliza wa pili nyuma ya Chapman mwenyewe. Chapman hakumsahau kijana yule.

Mwaka 1960 Clark aliingia Formula 1 akiwa na Lotus, na mapema mno akaonyeshwa bei ya kazi hiyo. Mwezi huo huo wa Juni, katika mbio za Spa huko Ubelgiji, madereva wawili, Chris Bristow na Alan Stacey, walifariki. Stacey alikuwa mwenzake wa timu. Mwaka uliofuata, huko Monza, Italia, gari la Clark liligongana na la Wolfgang von Trips. Von Trips na watazamaji zaidi ya kumi walipoteza maisha. Clark aliuchukia uwanja wa Spa tangu siku ile ya kwanza, lakini alishinda hapo mara nne mfululizo, kuanzia 1962 hadi 1965.

Ili kuyaelewa maisha yake, sharti tuielewe imani ya Chapman. Kwake yeye, adui wa kasi alikuwa uzito. Mwaka 1962 alitoa Lotus 25, gari ambalo kiunzi chake hakikuwa cha mabomba bali cha mabamba ya alumini yaliyopigwa ribiti mithili ya mwili wa ndege. Lilikuwa jepesi na imara kuliko magari ya wapinzani. Lakini wepesi una gharama yake. Kipande kinachopunguzwa hadi kubaki na nguvu za kutosha tu hakina akiba siku mambo yanapoharibika.

Msimu huo ulikuwa funzo la kwanza. Clark alishinda Ubelgiji, Uingereza na Marekani, lakini klachi ilimwangusha Monaco na gia zikamwangusha Italia. Mpinzani wake, Graham Hill wa timu ya BRM, alikuwa na gari lililofika mwisho mara nyingi zaidi. Ubingwa ukabaki kuamuliwa tarehe 29 Desemba 1962 huko East London, Afrika Kusini. Lau Clark angeshinda, taji lingekuwa lake. Aliongoza tangu mwanzo na kumwacha Hill mbali. Zikiwa zimesalia takriban duru 20 kati ya 82, moshi ulionekana nyuma ya gari lake. Bolti moja ndogo ilikuwa imechomoka na oili ilikuwa ikivuja. Clark akaegesha, Hill akawa bingwa.

Mwaka 1963 gari lilikubali kuwa mtumishi. Clark alishinda mbio 7 kati ya 10 na kutwaa ubingwa wa dunia mapema, huko Monza. Dereva alikuwa yule yule wa mwaka uliotangulia. Bolti ndizo zilizokaa mahali pake.

Kinaya cha mambo kilidhihirika zaidi mwaka 1964. Kufikia Julai, Clark alikuwa na ushindi mara tatu na alama 30, akiwa kileleni. Kisha ikaja mikosi: Ujerumani, Austria, Italia na Marekani, gari lilimtupa mara nne mfululizo bila alama hata moja. Alipofika Mexico kwa mbio za mwisho, Hill alikuwa na alama 39, John Surtees wa Ferrari 34, naye angali na 30 zile zile. Ilimbidi ashinde, na wenzake wakwame. Alishika uongozi tangu mwanzo. Hill aligongwa na Lorenzo Bandini, mwenzake Surtees, akapoteza nafasi. Kila kitu kilikuwa kikienda upande wa Clark.

Duru chache kabla ya mwisho aliona mchirizi wa oili barabarani. Alibadilisha njia yake ili kuukwepa. Duru iliyofuata aliukuta mchirizi mwingine kwenye njia ile mpya, akatambua kuwa oili ilikuwa yake mwenyewe. Mpira ulikuwa umepasuka, na injini ikakwama mbio zikikaribia kabisa kwisha. Kwa muda mfupi Hill alikuwa bingwa. Kisha Ferrari ikamwashiria Bandini ampishe Surtees, naye akamaliza wa pili na kutwaa taji kwa alama 40 dhidi ya 39. Ndani ya dakika chache ubingwa ulipita mikononi mwa watu watatu, na chanzo kilikuwa mpira wa oili.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumchora Clark kama mtu aliyesubiri majaliwa tu. Mwaka 1965 alishinda mbio za Indianapolis 500 za Marekani na ubingwa wa Formula 1 kwa pamoja. Mwaka huo huo, huko Silverstone, alihisi shinikizo la oili likishuka. Akaanza kuizima injini kwenye kona na kuiwasha tena kwenye barabara iliyonyooka, duru baada ya duru, akashinda mbele ya Hill kwa sekunde 3.2. Huyu ndiye Clark halisi: mkulima anayemjua mnyama aliyechoka na kumbembeleza hadi nyumbani.

Mwaka 1967 Lotus 49 ilipata injini mpya ya Ford Cosworth DFV, na Clark akashinda siku ya kwanza ya gari hilo, huko Zandvoort. Hakuna gari lililokuwa na kasi zaidi. Clark alishinda mbio nne msimu huo. Denny Hulme alishinda mbili tu, lakini gari lake la Brabham lilifika mwisho, na Hulme ndiye aliyekuwa bingwa. Huko Monza, Clark alipata pancha, akapoteza duru nzima, akaifidia yote na kurudi mbele. Katika duru ya mwisho mfumo wa petroli ukamsaliti, akamaliza wa tatu.

Tarehe 1 Januari 1968, huko Kyalami, Afrika Kusini, alipata ushindi wake wa 25 na kuivunja rekodi ya Juan Manuel Fangio. Alikuwa ameshiriki mbio 72 tu. Tarehe 7 Aprili alikwenda Hockenheim, Ujerumani, kwa shindano la daraja la chini, Formula 2. Gari lilitoka barabarani kwa kasi na kugonga miti, kwani hapakuwa na kizuizi. Uchunguzi ulielekeza shaka kwenye tairi la nyuma lililopoteza upepo. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Vitabu vya kumbukumbu vinampa mataji mawili. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haisemi kwamba mataji ya 1962 na 1964 yalikuwa karibu kutua mkononi mwake, wala haisemi kwamba kitu kile kile kilichomnyima mataji ndicho kinachodhaniwa kumnyima uhai. Liyongo alisalitiwa na mwanawe. Clark alisalitiwa na chombo alichokiamini kila alipoketi ndani yake. Alizikwa Chirnside, karibu na shamba lake, na kwenye jiwe la kaburi lake neno mkulima limetangulia neno bingwa.