Robert Bosch, mtu wa cheche: maisha yake na ile taa nyekundu ya gari

Jina lake liko kwenye bujii, kwenye alternateri na kwenye pompi ya mazuti ya malori yanayoingia Kalemie. Wengi wanalijua kama alama ya kiwanda tu. Kumbe alikuwa mtu, mtoto wa wakulima, na alikufa mwaka wa 1942.

Tuanze na jambo ambalo kila mwenye gari amelipitia. Unageuza ufunguo, taa nyekundu yenye picha ya batri inawaka kwenye tablo. Moteri inanguruma, na ile taa inapaswa kuzimika. Haizimiki. Sasa hapo watu wanagawanyika. Kuna anayesimama na kufungua kapo. Kuna anayeendelea na safari kwa sababu gari bado linatembea. Na kuna yule tunayemjua sisi wote, anayebandika kipande cha plasta juu ya taa ili isimsumbue macho usiku.

Taa hiyo na vyombo inavyovisemea vina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo inapita kwa Robert Bosch wa Ujerumani.

Mtoto wa kumi na moja

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm. Alikuwa mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walikuwa wakulima, na pia walikuwa na nyumba ya kulaza wageni. Njaa haikuwapo nyumbani kwao, na baba yake alikuwa mtu aliyependa watoto wasome.

Shuleni hakung'aa sana. Alitumwa kujifunza ufundi wa vyombo vidogo vidogo, ule unaohitaji mkono usiotetemeka. Mafunzo hayo hayakumfurahisha, kwani bwana aliyepaswa kumfundisha hakumtilia maanani. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Miaka mingi baadaye, alipokuwa tajiri, alifungua mwaka wa 1913 karakana maalumu ya kufundishia vijana kiwandani kwake, ili wapate kile alichokosa yeye.

Baada ya mafunzo alizunguka miaka saba, akifanya kazi huku na kule. Alivuka bahari mpaka Marekani, akafanya kazi kwa Edison, yule wa taa za umeme. Kisha akapita Uingereza kwa Siemens. Alirudi kwao akiwa amejua jambo moja: umeme ulikuwa unaingia katika kila kazi, na watu wachache sana walijua kuutengeneza unapoharibika.

Karakana ya nyuma ya nyumba

Tarehe 15 Novemba 1886 alifungua karakana yake mjini Stuttgart, katika nyumba ya uani. Alikuwa na fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Walitengeneza simu, kengele za umeme, chochote mteja alicholeta. Wale wenye garaji ndogo hapa kwetu wanaijua hali hiyo: leo kazi mbili, kesho hakuna. Kuna wakati mambo yalikauka hata akalazimika kuachisha wafanyakazi wengi na kubaki na wachache tu.

Lakini mwaka wa 1887 mteja mmoja alimwomba amtengenezee manyeto, chombo cha kutoa cheche kwa ajili ya moteri ya kusimama mahali pamoja, kama zile za kusagia unga. Bosch akaitengeneza, akaiboresha, na maombi mengine yakaja.

Manyeto ni kitu gani? Ni sumaku na waya uliozungushwa mara nyingi. Kimoja kikisogea karibu na kingine, umeme unazaliwa ndani ya waya, bila batri. Umeme huo unatoa cheche, cheche inawasha mvuke wa esansi, moteri inasukumwa. Njo maana mvuvi wetu anavuta kamba ya moteri ya mtumbwi na moteri inawaka wakati hata batri moja haimo mtumbwini. Ile kamba inazungusha sumaku.

Cheche inapanda gari

Magari ya kwanza yalikuwa na shida kubwa upande huo. Mengine yaliwashwa kwa kibomba cha chuma kilichopashwa moto kwa mwali, na upepo ukiuzima mwali, safari imekwisha. Mengine yalitegemea batri ambayo iliisha njiani, na hakukuwa na kitu cha kuijaza.

Mwaka wa 1897 karakana ya Bosch ilifunga manyeto kwenye chombo cha magurudumu matatu cha De Dion-Bouton. Manyeto za zamani zilikuwa nzito na hazikuweza kukimbia na moteri ndogo yenye mbio. Wakaipunguzia uzito ile sehemu inayotembea, na cheche ikafuata mwendo wa moteri. Mwaka wa 1902 injinia wake, Gottlob Honold, alifika mbali zaidi: manyeto yenye umeme wa nguvu nyingi, pamoja na bujii. Kuanzia hapo cheche iliruka yenyewe kwenye nafasi ndogo ya ncha ya bujii, bila vyuma vya kugongana ndani ya silinda.

Waliokimbilia chombo hicho mapema walikuwa watu wa magari ya mbio. Mwaka wa 1903 Camille Jenatzy alishinda mashindano ya Gordon Bennett huko Ayalandi akiwa na Mercedes yenye manyeto ya Bosch. Jina likatoka Stuttgart, likaenda dunia nzima. Kufikia 1913, karibu asilimia 88 ya mauzo ya Bosch yalikuwa nje ya Ujerumani.

Mwaka huo huo wa 1913 alianza kuuza kitu ambacho kila gari la leo limekirithi: taa za mbele, dinamo, kidhibiti cha umeme na batri, vyote pamoja kama mfumo mmoja. Dinamo inajaza batri, batri inalisha taa, kidhibiti kinazuia umeme usizidi. Baadaye yakaja mambo mengine: honi ya umeme 1921, kipangusa kioo 1926, na pompi ya kusukuma mazuti 1927. Hiyo ya mwisho njo iliyofungua njia kwa malori ya mazuti ambayo leo yanatuletea mizigo.

Vita mpaka ziwa letu

Wakati huo Uingereza ilikuwa inanunua karibu manyeto zake zote kutoka Ujerumani. Vita ilipolipuka mwaka wa 1914, ikajikuta haina cheche ya kutosha kwa moteri zake, ikabidi ijifunze haraka kutengeneza zake yenyewe.

Sisi wa Kalemie tunaijua vita hiyo kwa njia yetu. Desemba 1915 Waingereza walishusha ziwani, hapa karibu na Lukuga, mashua mbili ndogo za moteri za esansi, Mimi na Toutou, zilizokuwa zimeburutwa nchi kavu na kupandishwa treni kutoka kusini. Tarehe 26 Desemba ziliikamata meli ya Wajerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli za Wajerumani zilikuwa za mvuke. Mashua hizo ziliishi kwa cheche.

Vita ilimgharimu Bosch viwanda na alama zake katika nchi za maadui, Marekani ikiwemo. Alianza tena.

Tajiri aliyeokota kibanio

Wafanyakazi walimjua kama mtu mkali, mwenye hasira za haraka, asiyevumilia upotevu. Inasimuliwa kwamba aliokota kibanio cha karatasi sakafuni, akamuuliza mfanyakazi ni kitu gani. Yule akajibu ni kibanio. Bosch akamwambia kwamba ile ni pesa yake.

Lakini mtu huyo huyo, mwaka wa 1906, alipunguza siku ya kazi mpaka saa nane, wakati viwanda vingi bado vilidai saa kumi au zaidi. Aliamini mtu aliyechoka anatengeneza kitu kibovu. Aliona afadhali apoteze pesa kuliko kupoteza imani ya mteja. Mwaka wa 1910 alitoa marka milioni 1 kwa chuo kikuu cha ufundi cha Stuttgart, na mwaka wa 1940 ulifunguliwa hospitali aliyoijenga.

Nyumbani alipata uchungu. Mwanawe wa kiume, aliyetegemewa kurithi kazi, aliugua miaka mingi na kufa mwaka wa 1921.

Na kuna ukurasa mwingine ambao hatuwezi kuuruka. Hitler alipochukua utawala, Bosch hakumpenda. Alisaidia Wayahudi, na mwaka wa 1937 alimpa kazi Carl Goerdeler, mtu aliyekuja kuuawa mwaka wa 1945 kwa kupinga utawala ule. Hata hivyo kiwanda chake kilitengeneza vyombo vya vita, na maelfu ya watu walilazimishwa kufanya kazi humo wakati wa vita. Mambo hayo mawili yalikaa chini ya paa moja. Alikufa tarehe 12 Machi 1942 mjini Stuttgart, vita ikiendelea, na serikali aliyoichukia ikamzika kwa heshima kubwa.

Taa inasema nini

Gari moja ambalo hakuliona ni Porsche 911, lililotokea Stuttgart hiyo hiyo mwaka wa 1963. Vyombo vingi vya umeme vya gari hilo vilitoka kiwanda cha Bosch. Huku Afrika Mashariki watu waliliona kwenye Safari Rally: mwaka wa 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili na 911, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya na Mitsubishi Lancer yake. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na aliwahi kufanya kazi ya kusaidia wenye magari yaliyokwama barabarani.

Gari hilo la zamani linatufundisha jambo kuhusu taa nyekundu ya batri. Moteri yake inapozwa kwa upepo, haina maji. Alternateri imekaa ndani ya feni, na mkanda mmoja unazungusha vyote viwili. Taa ikiwaka njiani, inawezekana mkanda umekatika. Dereva anayedhani ni shida ya batri tu, akasema atafika, anaendesha moteri isiyo na feni. Baada ya muda mfupi moteri inaungua. Volkswagen Coccinelle, ile ya wazee wetu, ina tabia hiyo hiyo: dinamo na feni ziko kwenye mhimili mmoja.

Basi, kwa gari lolote la zamani, mambo ya kuangalia ni haya.

Ukiweka kontakti bila kuwasha moteri, taa ya batri lazima iwake. Isipowaka, usifurahi. Ampuli imeungua, au waya umekatika, au batri imekufa kabisa. Kwenye alternateri nyingi za zamani, umeme unaopita kwenye ampuli hiyo njo unaoamsha alternateri. Ukiitoa ampuli, alternateri inaweza kukataa kujaza, na utabaki gizani bila kuonywa.

Ikibaki inawaka moteri ikizunguka, anza na mkanda. Kisha angalia makaa ya alternateri, kidhibiti, na waya nyuma yake. Ikiwaka kwa mwanga hafifu, tafuta waya uliolegea, au diodi zilizokufa ndani ya alternateri.

Kabla ya kununua batri mpya, pima. Batri nzuri iliyopumzika inaonyesha karibu volti 12.6. Moteri ikizunguka, ifike kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, batri haina kosa, haijazwi. Ikipita 15, kidhibiti kimekufa na batri inapikwa. Watu wengi wamenunua batri mbili kwa mwaka kwa kosa la kidhibiti.

Taa kadhaa zikiwaka pamoja bila mpango, au ukipiga honi taa za mbele zinafifia, safisha kwanza mahali waya wa batri unapofungwa kwenye bodi ya gari. Unyevu wa ziwa unakula chuma pale kabla ya kula kitu kingine.

Fyuzi ikikatika mara mbili, tafuta waya unaogusa chuma. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi imekatika ili gari lisiungue.

Na taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya kibuyu, haina majadiliano. Zima moteri hapo hapo, hata kama uko katikati ya njia ya Nyunzu na jua linazama. Kulala njiani ni taabu, lakini kununua moteri nyingine ni taabu ya mwaka mzima.

Robert Bosch alipata utajiri wake kwa kuuza vitu vidogo ambavyo mteja hawezi kuona ndani yake, akitaka mteja aviamini. Taa ya tablo ni mmoja wa wajukuu wa kazi hiyo. Inawaka mapema, wakati gari bado linatembea, wakati dereva bado ana nafasi ya kuchagua. Kwa hiyo wewe uliyebandika plasta, wandugu wanaopanda gari lako wanakuomba uitoe leo, kabla hamjatoka mjini.