John Woolman: Hukumu Inayoanza Katika Nyumba ya Mungu

Mafungu ya somo: Mika 6:8, Filemoni 8–19, Yakobo 2:1–9, Yakobo 5:1–6, 1 Petro 4:17.

John Woolman alizaliwa mwaka 1720 katika familia ya wakulima huko New Jersey, wakati Marekani ilikuwa bado chini ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa Wakweka, yaani washiriki wa Kanisa la Marafiki, ambalo siku hizi lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Marafiki walifundisha kwamba nuru ya Kristo humfikia kila mwanadamu. Hawakwenda vitani wala hawakula kiapo. Hata hivyo wengi wao, wakiwemo viongozi wa kanisa, walimiliki watumwa waliotoka Afrika. Siku ya ibada waliketi kimya wakimngojea Roho wa Mungu. Siku zilizobaki waliishi kwa jasho la watu wasiolipwa.

Akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, Woolman alikuwa karani wa duka katika mji wa Mount Holly. Siku moja mwajiri wake alimwagiza aandike hati ya kumwuza mwanamke mweusi. Mnunuzi alikuwa amekwisha kufika, naye alikuwa mzee na mshiriki wa kanisa lao. Woolman aliandika kwa kuwa aliagizwa na aliyemwajiri, lakini moyo wake haukutulia. Aliwaambia wote wawili waziwazi kwamba kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kristo. Baadaye kijana mwingine wa kanisa alipomwomba aandike hati kama hiyo, alikataa.

Msimamo huo ulikuwa na gharama. Kuandika wosia kulikuwa sehemu ya riziki yake, na wenye mali walitaka watumwa wao waandikwe pamoja na mashamba na mifugo. Mara moja jirani yake aliyeumia vibaya alimwomba amwandikie wosia. Woolman aliandika yote isipokuwa sehemu ya kumrithisha mmoja wa watoto mtumwa wa nyumba ile. Kisha alikwenda kitandani kwa mgonjwa, akamweleza kwa upole kwa nini hakuweza kuiandika. Wakazungumza, na yule jirani akakubali kumwacha huru mtumwa wake. Ndipo Woolman akaumaliza wosia.

Mwaka 1746 alisafiri hadi Virginia na Carolina Kaskazini, akaona jinsi utumwa ulivyowadhulumu watumwa na kuwaharibu mabwana zao pia, kwa kuwa watoto wao walikua wakijifunza uvivu na kiburi. Mwaka 1754 alichapisha kijitabu kinachowasihi Wakristo waache kumiliki watumwa. Aliposafiri tena kusini mwaka 1757, alilala katika nyumba za washiriki wenye watumwa, lakini hakutaka kuhudumiwa bure. Alitoa sarafu za fedha ili watumwa walipwe kwa kazi yao. Wenyeji walijisikia vibaya, naye pia aliona vigumu kufanya hivyo, lakini hakuacha.

Mwaka 1758 jambo hilo lilifika mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Marafiki huko Philadelphia. Hakuna aliyetetea utumwa waziwazi. Lakini baadhi walishauri kanisa lingoje mpaka Bwana mwenyewe afungue njia. Woolman alisimama akasema kwamba kilio cha walioonewa kimekwisha kumfikia Mungu, na kwamba kukawia kwa ajili ya faida ya watu wachache, au kwa ajili ya urafiki usio na msingi wa kweli, ni kujiletea hukumu. Mkutano ukaamua kwamba mshiriki atakayenunua au kuuza mtumwa asiketi katika vikao vya kanisa. Tena ukateua watu wa kuwatembelea wenye watumwa nyumba kwa nyumba. Woolman alikuwa mmoja wao.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Aliwaendea ndugu zake bila kuwatukana, akaketi nao mezani, akasali nao, wala hakuwaficha neno. Baadhi walikasirika, wengine waliwaacha huru watumwa wao. Yeye mwenyewe aliacha kutumia sukari, kwa kuwa miwa ililimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi. Mwaka 1772 alikwenda Uingereza kuwasihi Marafiki wa huko. Alipatwa na ndui katika mji wa York, akafa Oktoba 7 mwaka huo, akikaribia kutimiza miaka 52.

Woolman hakuyaona matunda yote ya kazi yake. Miaka minne baada ya kifo chake, mwaka 1776, Mkutano wa Philadelphia uliwakataza washiriki wake kabisa kumiliki watumwa. Hiyo ilikuwa miaka 89 kabla ya utumwa kupigwa marufuku katika Marekani yote.

Lakini kazi ya upatanisho ilikuwa haijakamilika. Hata baada ya minyororo kuondolewa, katika baadhi ya nyumba zao za ibada watu weusi walitengewa benchi lao. Kumwacha mtu huru ni jambo moja. Kumketisha kando yako kama ndugu ni jambo jingine. Paulo alimwomba Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, na pale ndipo penye kipimo cha haki ndani ya kanisa.

Maswali ya kujadili

1. Soma Yakobo 5:1–6. Je, kuna mtu anayefanya kazi nyumbani kwetu, shambani au katika taasisi za kanisa ambaye ujira wake unacheleweshwa au haumtoshi?

2. Baadhi katika mkutano wa 1758 walitaka kungoja. Tunawezaje kutofautisha kumngojea Bwana na kukwepa wajibu?

3. Soma Yakobo 2:1–9. Ni “benchi” gani bado lipo kati yetu, kwa sababu ya kabila, rangi au mali? Ni hatua gani moja ambayo darasa lenu linaweza kuichukua kabla ya Sabato ijayo?