Padre Le Roy, mgeni aliyepewa mahali

Vijana wa Mwika, Kilema si mbali, ukishapita Marangu tu. Mwaka 1890 Padre Alexandre Le Roy, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika huko kutoka pwani na Askofu de Courmont na Padre Auguste Gommenginger. Hawakuwa na hata kibanda. Mangi Fumba, ambaye hakuwa Mkristo, akawapa kiwanja, na Gommenginger akaanzisha misheni. Le Roy baadaye akawa mkuu wa shirika zima, akafariki 1938.

Unaona? Kanisa letu hapa lilianza na mgeni kupewa mahali. Basi leo familia changa ikitafuta chumba cha bei nafuu kwenu, msiibane. Ombeni, halafu fungueni mlango.